Neno "Simu" na Waya Uliotoweka

Asili ya neno simu ni Kiajemi, na maana yake ya kale ni fedha, kisha uzi wa madini, yaani waya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulipolazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, neno hilo lilipata kazi mpya: likawa jina la habari yenyewe na la chombo kilichoipeleka. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliwakuta watu wakipiga simu zamani.

Mtu akidai, basi, kwamba simu imetokana na kadi ya SIM, yafaa akumbushwe kuwa kadi hiyo ilizaliwa katika miaka ya 1990. Kioja ni kwamba Mkenya anunuapo kadi hiyo husema amenunua laini, neno la Kiingereza lenye maana ileile ya uzi, kwa ajili ya chombo kisicho na uzi wowote!

Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilipotua Mombasa, tena kwa njia ya bahari, simu haikurudishiwa kazi yake ya kale. Wasemaji walikuwa wamekwisha kushika mtandao, kutokana na kutanda, kitenzi cha mfumaji na cha buibui.