Demi-reliure: Jalada la Nusu Ngozi

Katika orodha za wauzaji wa vitabu vya kale jijini Paris, istilahi demi-reliure haikosekani kwenye maelezo ya riwaya za karne ya 19. Mfasiri mwenye haraka ataandika "nusu jalada", na msomaji atadhani kitabu kimebaki na gamba upande mmoja tu. Sivyo. Kitabu kimejalidiwa chote. Kilicho nusu ni ngozi.

Ngozi hiyo hufunika mgongo wa kitabu na kuingia kidogo pande zote mbili. Sehemu inayobaki hubandikwa karatasi, mara nyingi yenye mawimbi ya rangi. Ndiyo maana "jalada la nusu ngozi" ni tafsiri sahihi zaidi, na kitabu kilichotiwa ngozi hata kwenye ncha, ambacho Wafaransa hukiita à coins, ni cha "nusu ngozi yenye pembe". Neno jalada lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na jild, yaani ngozi, kwa hiyo istilahi hii inakaa mahali pake.

Umuhimu wa jalada hili unatokana na namna riwaya zilivyouzwa. Michel Lévy alipotoa Madame Bovary ya Gustave Flaubert mnamo Aprili 1857, miezi miwili baada ya mahakama kumwachia mwandishi huyo aliyeshtakiwa kwa kuchafua maadili, riwaya ilikuwa na juzuu mbili zenye gamba la karatasi, kila moja faranga 1. Aliyetaka idumu aliipeleka kwa mjalidi na kuchagua kwa kadiri ya mfuko wake: maroquin, ngozi nzuri ya mbuzi, au basane, ngozi ya kondoo ya bei nafuu. Nusu ngozi ilipunguza gharama, na mgongo unaoonekana rafuni bado ukapata nakshi za dhahabu.

Mkusanyaji makini hafuati uzuri peke yake. Nakala za mwanzo za Madame Bovary hutambulika kwenye tabaruku, ambako jina la wakili wa Flaubert, Sénard, lilichapwa "Senart". Nakala kama hiyo ikiwa na nusu ngozi ya kawaida ya miaka ileile ina ushahidi ambao maroquin ya baadaye haiwezi kuurudisha, hasa kama mjalidi wa pili alikata kingo za kurasa na kutupa gamba la karatasi.

Jalada la mchapishaji ni jambo jingine. Pierre-Jules Hetzel aliuza matoleo ya picha ya Jules Verne, pamoja na Cinq semaines en ballon, ambayo safari yake ya puto huanzia Zanzibar, katika namna tatu: gamba la karatasi, kitambaa chenye michoro ya dhahabu, na nusu ngozi. Nusu ngozi ndiyo iliyokuwa ghali dukani. Leo wakusanyaji wengi hugombea kitambaa.