Ufundishaji wa Kiingereza katika shule za sekondari

Ufundishaji wa Kiingereza katika shule za sekondari ni jumla ya mbinu zinazomjengea mwanafunzi stadi nne za lugha hiyo: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Nchini Tanzania kazi hii ina uzito wa pekee. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ilhali sekondari zilibaki na Kiingereza. Mtoto aliyesoma usanisinuru shule ya msingi huingia Kidato cha Kwanza akakuta mada ileile imeandikwa “photosynthesis”. Anajifunza lugha na papo hapo anasomeshwa kwa lugha hiyo. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili kuanzia 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa.

Kutoka kanuni hadi mawasiliano

Mbinu kongwe ni ya sarufi na tafsiri, iliyorithiwa kutoka ufundishaji wa Kilatini: kanuni ubaoni, sentensi za kutafsiri, orodha ya vitenzi vya kukariri. Wengi waliopitia mkondo huo waliweza kuchambua sentensi wasiweze kuuliza njia.

Miaka ya 1920 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi Dhaka, alianzia kwenye kusoma. Aliandika upya hadithi kwa maneno machache yanayotumika sana, na mwaka 1953 akachapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Katika miaka ya 1970 mkazo ulihamia kwenye mawasiliano, baada ya mwanaisimu Mmarekani Dell Hymes kuonesha kwamba kuijua lugha ni pamoja na kujua la kusema, kwa nani na wakati gani. N. S. Prabhu alikwenda mbali zaidi kusini mwa India. Kati ya 1979 na 1984 mradi wake wa Bangalore uliwapa wanafunzi mafumbo ya kutatua, kama vile kutafuta treni inayofaa kwenye ratiba, na sarufi ikaachwa ijengeke kwa matumizi.

Kusoma kwa wingi

Ushahidi mzito wa faida ya kusoma kwa wingi unatoka Fiji. Mapema miaka ya 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika kila shule ya msingi iliyochaguliwa vijijini. Watoto waliosoma hadithi hizo waliwapita wenzao waliofuata programu ya kawaida ya Kiingereza, na walipanda hata katika sarufi, ambayo hawakuwa wakifundishwa kwa kanuni.

Tanzania ilipita njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, pale mradi ulioungwa mkono na Uingereza uliposambaza hadithi nyepesi katika sekondari. Kitabu cha Richard Mabala, “Hawa the Bus Driver”, kimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa vidato vya mwanzo. Dereva wa basi ni mtu wanayemjua tayari, kwa hiyo kigeni kinachobaki ni lugha peke yake.

Kiswahili kama ngazi

Mwanafunzi anayesema “He has slept” kuhusu mtu ambaye bado anakoroma hajazembea, ameifuata “amelala”. Katika Kiswahili kiambishi -me- hubeba tendo lililokamilika, kama “amekula”, na pia hali inayoendelea, kama “amelala”, “amesimama” au “amevaa”. Kiingereza huyatenga: “has eaten” upande mmoja, “is sleeping”, “is standing” na “is wearing” upande mwingine. Mwalimu akichora safu mbili ubaoni na kuwapa wanafunzi vitenzi vya kupanga, darasa linaona chanzo cha kosa ambalo kalamu nyekundu ingelisahihisha kila wiki bila kulieleza.

Wazo hilo la kukitumia Kiswahili kama ngazi lilipelekwa pia kwenye vitabu. Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Dodoma, Taasisi ya Elimu Tanzania na Chuo Kikuu cha Bristol walishirikiana kuandaa vitabu vya majaribio vya Kidato cha Kwanza, vyenye Kiingereza chepesi, picha nyingi na faharasa ya Kiswahili.

Kinyume chake ni adhabu kwa anayeongea lugha ya nyumbani. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu hiyo kutokana na utoto wake Kenya, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1986. Mwanafunzi anayeogopa kukosea hunyamaza, na aliyenyamaza hapati mazoezi.

Madarasa makubwa

Katika darasa la wanafunzi 80, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mbinu inayofaa hapo ni imla ya vikundi, iliyoenezwa na Ruth Wajnryb kwa kitabu chake cha 1990. Mwalimu husoma mara mbili, kwa mwendo wa kawaida, aya fupi kuhusu, tuseme, kondakta wa daladala aliyesahau kurudisha chenji. Wanafunzi hunasa maneno wanayoyawahi. Kisha madawati ya mbele hugeuzwa nyuma, na kila wanne huijenga upya aya hiyo. Ubishi huzuka kwa mambo madogo: kwa nini “a conductor” mwanzoni na “the conductor” baadaye, wakati Kiswahili husema “kondakta” kote? Mwalimu huondoka na karatasi 20 za kusahihisha badala ya 80.

Mitihani

Mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne hupima Kiingereza kwa maandishi tu. Midahalo na kilabu za Kiingereza, ambako wanafunzi wengi huzungumza lugha hiyo kwa mara ya kwanza mbele ya watu, hazina alama ndani yake, hivyo huwa za kwanza kupisha mazoezi ya mitihani iliyopita mtihani unapokaribia. Nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ina sehemu ya stadi za kuzungumza, ila nayo hujibiwa kwa kalamu.