Upande wa Pili wa Santuri

Mwezi wa Novemba 1952, mfanyakazi mmoja wa gazeti la New Musical Express la London, jina lake Percy Dickins, alikaa na simu yake akawapigia wenye maduka ya santuri yapatayo ishirini. Swali lake lilikuwa moja tu: wiki hii mmeuza nini zaidi? Majibu akayajumlisha, na tarehe 14 ya mwezi huo gazeti likachapisha orodha ya nafasi 12, ya kwanza ikiwa imeshikwa na Mmarekani Al Martino. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa chati ya nyimbo ya Uingereza. Haikuundwa na baraza la wajuzi wa muziki, wala hakuna mshairi aliyetakwa shauri. Ilikuwa hesabu ya duka, na hesabu ya duka hujua kilichotoka rafuni juma hili tu. Wimbo utakaoimbwa na vijana ambao bado hawajazaliwa, duka litaujuaje?

Nataka kuisoma hesabu hiyo kwa kulitazama kundi moja la mji wa Manchester, The Smiths, lililotoa santuri zake zote kati ya Mei 1983 na mwisho wa 1987. Huenda mpenzi wa ushairi akauliza magitaa ya Waingereza yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu hili ni kundi lililopendwa kwa maneno yake kwanza, na kwa sababu nyimbo zake mbili zinazopendwa kupita zote hazikupewa na wenyewe nafasi ya mbele. Mmoja ulifichwa upande wa pili wa santuri. Wa pili haukutolewa kabisa kama santuri ndogo hadi kundi lilipokuwa limekwisha kufa.

Mwaka 1982 kijana wa miaka 18, mpiga gitaa Johnny Marr, alikwenda kubisha hodi nyumbani kwa Steven Morrissey, mtaa wa Stretford. Morrissey alikuwa amemzidi miaka minne, hana kazi, amezama katika vitabu vya Oscar Wilde na tamthilia za Shelagh Delaney. Wote wawili wazazi wao walikuwa Waairishi waliohamia Manchester. Wakakubaliana mmoja atunge maneno na mwingine muziki. Wakampata Andy Rourke, rafiki wa Marr tangu shuleni, kwa gitaa la besi, na Mike Joyce kwa ngoma. Jina walilojipa lilikuwa la kawaida kuliko yote katika Uingereza, mithili ya kundi la kwetu kujiita Akina Juma, na hilo lilikuwa kusudi lao, kwani zama zile makundi yalishindana kwa majina ya fahari.

Kanda ya wimbo wao wa kwanza, “Hand in Glove”, Marr na Rourke waliipeleka wenyewe London, wakamkabidhi Geoff Travis mkononi. Travis alifungua duka la santuri la Rough Trade magharibi ya London mwaka 1976, na miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni ya kurekodi kwa jina hilo hilo. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana neno “indie”, ambalo leo watu hulitumia kana kwamba ni aina ya mlio wa gitaa, asili yake ni jambo la malori na maghala. Kampuni kubwa za santuri zilikuwa na njia zao za kufikisha bidhaa madukani. Kampuni ndogo zisizotaka kuwa mikononi mwao zilijiundia njia zake, na Rough Trade iliungana na wasambazaji wa miji mingine katika mtandao ulioitwa The Cartel. Januari 1980 ikaanza kuchapishwa chati ya pekee ya santuri hizo huru. Sharti la kuingia humo halikuwa mtindo wa muziki bali ni kwamba santuri imefika dukani bila ya kupitia mkono wa wakubwa. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 nyimbo za Kylie Minogue, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi za dansi, zilikaa kileleni mwa chati hiyo hiyo pamoja na vijana wenye magitaa na huzuni zao. Wengi walikasirika. Mimi naona chati ilisema kweli yake, na waliokasirika ndio waliosahau ilikuwa ikihesabu nini.

“Hand in Glove” ilitoka Mei 1983. Katika chati huru ilikaa miezi mingi, lakini katika chati kuu haikuingia hata miongoni mwa 75 za kwanza, na Morrissey, aliyeamini kwamba wimbo huo ungeitikisa nchi, hakuisahau fedheha hiyo. Kinaya ni kwamba mwaka uliofuata mwimbaji Sandie Shaw, aliyekuwa nyota wa miaka ya 1960, aliuimba upya wimbo huo huo huku Marr, Rourke na Joyce wakimpigia vyombo, naye akafika nafasi ya 27. Maneno ni yale, vyombo ni vile. Jina lililoandikwa juu ya jalada ndilo lililofungua mlango.

Mlango wa kundi lenyewe ulifunguka Novemba 1983 kwa “This Charming Man”, iliyofika nafasi ya 25. Walipoonekana katika kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, Morrissey alikuwa akipunga shada la maua badala ya kipaza sauti. Januari 1984 “What Difference Does It Make?” ikafika ya 12. Albamu ya kwanza, iliyobidi irekodiwe mara mbili kwa sababu ile ya awali iliyosimamiwa na Troy Tate haikuwaridhisha, ilitoka Februari na kushika nafasi ya 2. Mei “Heaven Knows I’m Miserable Now” ikawafikisha ya 10. Kwa kampuni iliyoanzia kaunta ya duka moja, huo ulikuwa mwaka wa neema.

Kisha likaja jambo la Agosti 1984.

Santuri ya mwezi huo ilikuwa “William, It Was Really Nothing”, wimbo mwepesi wa dakika mbili na sekunde chache, nao ukafika nafasi ya 17. Mnunuzi wa santuri ya inchi 7 aliigeuza akakuta upande wa pili wimbo mfupi zaidi, usiofika hata dakika mbili, “Please, Please, Please, Let Me Get What I Want”, ambao ni dua tupu, hauna kiitikio. Aliyenunua ile ya inchi 12 aligeuza akakuta na mwingine, “How Soon Is Now?”, wenye karibu dakika saba. Marr na mtayarishaji John Porter walikuwa wameupitisha mlio wa gitaa katika amplifaya kadhaa zenye kutetemesha sauti, kisha wakawa wakizirekebisha kwa mkono zitetemeke pamoja. Zilipoachana walisimamisha kila kitu wakaanza tena. Maneno ya mwanzo Morrissey aliyakopa na kuyageuza kutoka riwaya ya Middlemarch ya George Eliot, akamweka ndani yake mtu mwenye haya anayekwenda ukumbi wa dansi na kurudi peke yake. Msomaji aliyezoea kupima mizani hataipata humo, lakini ataitambua ile kazi ya zamani ya mshairi kuchukua kauli ya aliyemtangulia na kuitia jeraha lake mwenyewe.

Rough Trade haikuuona kuwa wimbo wa kuuzwa. Ulikuwa mrefu, haukufanana na kazi zao nyingine, basi ukawekwa nyuma. Walioutoa nyuma ni wasikilizaji. Watangazaji wa redio za usiku waliupiga, barua zikaja kuuomba upigwe tena. Novemba ukaingizwa katika “Hatful of Hollow”, mkusanyo wa santuri ndogo pamoja na nyimbo zilizorekodiwa kwa ajili ya vipindi vya BBC vya John Peel na David Jensen. Mkusanyo huo ulifika nafasi ya 7, na juu ya jalada lake palichapishwa onyo kwa mnunuzi asilipe zaidi ya pauni 3 na peni 99. Hatimaye mwanzoni mwa 1985 Rough Trade ikautoa “How Soon Is Now?” kama santuri yenye kujitegemea. Ukafika ya 24 na kuishia hapo. Ungefika wapi, ilhali kila aliyeupenda alikwisha kuununua mara mbili?

Hapa ndipo inapofaa kuitaja hesabu ya aina nyingine. Tangu 1976 John Peel, mtangazaji wa Radio 1 aliyefariki mwaka 2004, alikuwa na desturi ya kuwataka wasikilizaji wamwandikie nyimbo tatu walizozipenda zaidi, na katika siku za Krismasi akazipiga hamsini zilizopata kura nyingi, akianzia chini kwenda juu. Hapakuwa na ulazima wa kununua kitu; ilitosha stempu ya barua. Mwisho wa mwaka 1984 wimbo wa kwanza katika orodha ya Peel ulikuwa “How Soon Is Now?”, wakati haujawa bado hata santuri ya kujitegemea. Chati ya maduka ilikuwa imeandika “William”, nafasi ya 17, na kuhusu dakika saba za nyuma haikusema neno, kwa sababu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Februari 1985 kundi lilipata kilele chake pekee wakati likiwa hai: albamu ya “Meat Is Murder” ilishika nafasi ya 1, ikimwondoa Bruce Springsteen. Lakini santuri ndogo zilififia. “Shakespeare’s Sister” ilifika ya 26, na “That Joke Isn’t Funny Anymore” ikaanguka hadi ya 49. Morrissey alikuwa akilalamika kwamba kampuni haitangazi kazi zao ipasavyo. Kampuni nayo haikuwa na fedha za mabango. Wapo wanaomwona alikuwa na haki. Mimi naona alitaka mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja, uhuru wa kampuni ndogo na nguvu za kampuni kubwa. Zaidi ya hayo, wapenzi wao walikuwa waaminifu mno: walinunua juma la kwanza, santuri ikapanda ghafla, na juma la tatu hapakuwa na aliyebaki wa kununua.

Ugomvi huo uliichelewesha albamu ya tatu, “The Queen Is Dead”, ambayo ilikuwa tayari miezi kadhaa kabla ya kutolewa Juni 1986 na kufika nafasi ya 2. Ndani yake mlikuwa na “There Is a Light That Never Goes Out”, wimbo wa kijana anayepakiwa garini usiku asiyetaka kurudishwa nyumbani, anayeyaona hata mauti si kitu maadamu yu pamoja na ampendaye. Geoff Travis aliutaka utangulie kama santuri ndogo. Safari hii Marr ndiye aliyekataa, akachagua “Bigmouth Strikes Again” yenye kishindo. Hiyo ikafika ya 26. Krismasi ikaja, Peel akahesabu barua zake, na wa kwanza ukawa “There Is a Light That Never Goes Out”. Mara mbili katika miaka mitatu, basi, wasikilizaji waliuweka juu wimbo ambao wenyewe hawakuutanguliza; mara moja kosa likiwa la kampuni, mara ya pili la mtunzi.

Yaliyobaki ni ya haraka. “Panic” ilifika ya 11, “Ask” ya 14, “Shoplifters of the World Unite” ya 12, na Aprili 1987 “Sheila Take a Bow” ikarudia ile nafasi ya 10. Walikwisha kutia saini mkataba na EMI, mojawapo ya kampuni kubwa, lakini hawakuirekodia hata wimbo mmoja kwa jina la The Smiths. Katika kiangazi cha 1987 Marr aliondoka, amechoka, akiwa na miaka 23. Albamu ya nne, “Strangeways, Here We Come”, ilitoka Septemba ikashika nafasi ya 2, na waliokuwa wakiinunua walijua wananunua kilichoachwa na marehemu. Februari mwaka uliofuata Morrissey, sasa peke yake chini ya EMI, alifika ya 5 kwa “Suedehead”, juu kuliko kundi lilivyowahi kufika.

Rough Trade ilifilisika mwaka 1991, na nyimbo zote zikaangukia mikononi mwa WEA. Kampuni hiyo kubwa ilifanya mwaka 1992 yale Morrissey aliyokuwa akiyadai zamani. “This Charming Man” ilitolewa tena ikapanda hadi ya 8, nafasi ya juu kuliko zote walizowahi kupata kwa santuri ndogo, miaka mitano baada ya kuvunjika. “How Soon Is Now?” ikafika ya 16. “There Is a Light That Never Goes Out” ikapata hatimaye santuri yake, ikafika ya 25. Mkusanyo ulioitwa “Best... I” ulishika nafasi ya 1.

Imebaki hesabu moja ambayo haikupata kuchapishwa gazetini kila wiki. Morrissey na Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya santuri na maonyesho, na Rourke na Joyce asilimia 10 kila mmoja. Joyce alikwenda mahakamani. Desemba 1996 Mahakama Kuu ilisema kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Ubia ya 1890, washirika ambao hawakuthibitishiwa makubaliano mengine hugawana sawasawa, na wanne wakigawana sawasawa kila mmoja hupata asilimia 25. Akapewa takriban pauni milioni moja. Morrissey alikata rufaa, ikatupwa mwaka 1998. Mirabaha ya utunzi haikuguswa, kwani chini ya jina la kila wimbo walioutunga palikuwa na majina mawili tu.

Rourke hakuwemo katika kesi. Alikuwa na dhiki ya fedha mwaka 1989, akakubali pauni 83,000 na ile ile asilimia 10, akaacha madai mengine yote. Alifariki Mei 2023 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 59. Atakayepata “This Charming Man” asikilize mara moja bila ya kuyafuata maneno, afuate lile gitaa la besi chini yake, jinsi linavyoimba wimbo wake wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.