Sanduku la kanga: kutunza doti pamoja na habari zake

Hapa Mkwaja, na pwani yote ya Pangani, hutamsikia mwanamke akijiita mkusanyaji wa kanga. Watu husema tu, "Bi fulani anapenda kanga." Lakini ukifungua sanduku lake utakuta doti thelathini, arobaini, nyingine hazijawahi kuvaliwa, na kila moja ana habari yake. Hii aliletewa mumewe alipotoka safari. Ile alitunzwa siku ya kumtoa mwali. Na ile ya chini kabisa hataki kusema aliyempa, anacheka tu.

Tatizo ni kwamba habari hizo zimo kichwani mwake peke yake. Akifariki, nguo hugawanywa kwa mabinti, wakwe na majirani, na baada ya muda mfupi hakuna anayejua ile nyekundu ilitoka wapi. Nguo inabaki, habari inazikwa. Ndiyo maana tumeandika makala haya, kwa wenye masanduku na kwa wajukuu wao wenye simu.

Kwanza tukumbushane kanga ni nini. Ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ambao ndio uwanja wa katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kitenge hakina mpangilio huo. Vipande viwili vinavyofanana, kabla ya kukatwa, ndiyo doti. Marafiki wawili huweza kununua doti moja wakagawana, kila mmoja akavaa kipande chake, na mtaa mzima ukaelewa.

Wengi hawajui kwamba kanga ilianza kama nguo ya kuunga. Katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya leso vilivyokuja vikiwa havijakatwa, wakavikata na kuvishona pamoja, leso sita kwa nguo moja, tatu juu na tatu chini. Neno leso lenyewe limetoka kwa Wareno, na Mombasa hadi leo wengi wanaiita hivyo kanga. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo iliyochapwa tayari kwa kipimo hicho, kazi ya kuunga ikaisha. Jina la kanga, husimuliwa, lilitokana na yule ndege mwenye madoadoa, kwa sababu nguo za mwanzo zilikuwa na madoa kama yake.

Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi tunazotumia sasa. Anayetajwa sana katika habari hiyo ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyeanza mwaka 1887. Kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na mpenda kanga akiiona alama hiyo kwenye nguo iliyochakaa hutulia kidogo kabla ya kuikunja tena.

Hapo ndipo raha ya sanduku inapoanza: kusoma umri wa nguo. Tazama ukingo, mara nyingi utaona maandishi madogo ya kiwanda, nchi au namba ya nakshi. Kanga yenye alama ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1968 kilipoanza kazi. Yenye jina kwa herufi za Kiarabu huenda ni ya bibi wa bibi. Kanga za matukio hujitaja zenyewe: Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, kanga ilitoka na picha yake na maneno ya kumpongeza. Kisutu ni kazi ngumu zaidi, maana nakshi yake nyekundu, nyeusi na nyeupe imerudiwa miaka na miaka kwa ajili ya maharusi. Hapo bila kumuuliza mwenyewe hujui kitu.

Raha nyingine ni jina. "Wema hauozi" unaweza kumpa mama mkwe bila wasiwasi. Lakini mafumbo yana mengine yanayotaka uangalifu, na wenye masanduku hasa huzijua kanga ambazo hawawezi kuzivaa wakipita mbele ya nyumba fulani. Mchuuzi anapotandaza mzigo wake kivulini, au mtu anaporudi na kifurushi kutoka maduka ya Ngamiani, Tanga mjini, jina husomwa kwa sauti kabla ya kuulizwa bei. Mwingine huacha nguo nzuri kwa sababu jina ni la kawaida mno. Mwingine hununua nguo mbaya kabisa kwa sababu ya maneno matatu. Mimi nawaelewa hao wa pili.

Kumbuka pia sanduku ni akiba. Wenye umri wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo ilipoadimika madukani na watu wakapanga foleni. Aliyekuwa na doti kadhaa sandukuni aliweza kwenda harusini na msibani bila aibu.

Sasa utunzaji. Adui wa kwanza hapa kwetu ni unyevu wa bahari. Mfuko wa plastiki unaonekana kuwa kinga, lakini hufungia unyevu ndani na nguo hutoka na ukungu. Afadhali kuifunga kanga kwa shuka kuukuu la pamba lililofuliwa. Usiiache iguse mbao za sanduku moja kwa moja, kwa sababu mbao huacha madoa ya kahawia. Adui wa pili ni wadudu, na hapa kuna ubishi wa kweli baina ya wenye masanduku. Kanga mpya ina dondo, na wengi hawataki kuifua kwa sababu hupoteza ule ugumu na harufu ya dukani. Lakini dondo ni wanga, na mende hupenda wanga. Kama kanga itakaa miaka bila kuvaliwa, ifue. Ifue peke yake kwa maji baridi, ianike kivulini, na usiikunje mpaka ikauke kabisa.

Masika yakiisha, toa kila kitu, kiache kipate hewa siku nzima, jua lisikipige. Ukikunja tena, badilisha mikunjo, kwani kanga iliyokunjwa mahali pamoja miaka kumi hukatikia hapo hapo. Majani makavu ya mwarobaini yawekwe kwenye kifuko, yasiguse nguo. Udi ufukizwe ndani ya sanduku likiwa tupu, chetezo kitolewe, ndipo nguo zirudi.

Kama unataka kujua kanga ni pamba au ina uzi wa plastiki, chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome. Pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Ile nyingine huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Mwaka 2013 jumba la makumbusho la British Museum, London, liliweka maonyesho ya nguo za Afrika, kanga zikiwemo. Kwenye majumba kama hayo kila nguo ina namba, na pamoja na namba huandikwa ilipatikana wapi na lini. Kazi hiyo inaweza kufanyika Mkwaja kwa simu ya mjukuu. Piga picha tatu: nguo nzima, jina, na maandishi ya ukingoni. Kisha washa kinasa sauti umuulize bibi mambo manne: nani alikupa, mwaka gani au wakati wa tukio gani, kwa nini, na uliivaa wapi. Mwache aseme, usimkatize. Picha na sauti zitumwe kwa ndugu wawili wanaoishi mbali, maana simu za watu wa pwani zina kawaida ya kufia majini.

Na kanga iliyochanika? Huko Karnataka, India, wako Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika, wengi wao upande huu wa mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za nyumbani. Huanza ukingoni, wakazunguka hadi katikati, na pembeni hutia vitambaa vilivyokunjwa wanavyoviita maua, ambavyo bila hivyo kazi huhesabiwa haijaisha. Mifarishi hiyo imeonyeshwa hadi Marekani. Kwetu kanga iliyochoka huwa nepi, kisha tambara la kudekia, na si vibaya, mtoto naye anahitaji kitu laini. Ila kabla mkasi haujapita, kipande chenye jina kikatwe kwanza, kirudi sandukuni.