HISTORIA YA KUKOPA NA KULIPA HAPA FERI: KUTOKA MALI KAULI HADI DAFTARI

Na Mwenyekiti wa Kikundi

  

Kamati ya kijitabu hiki iliniambia niandike historia ya kikundi. Nimekaa nikafikiri, nikaona historia ya kikundi chetu ni historia ya kukopa na kulipa, maana ndiyo iliyotukutanisha. Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoongea. Waliosoma zaidi watanisamehe.

Zamani, kabla yetu

Wengi wetu tunadhani kukopa ni mambo ya benki. Sivyo. Hapa mjini watu walikopeshana tangu enzi za wakoloni. Bibi zetu wa Kariakoo walikuwa wakibanwa wanachukua kanga au bangili wanaipeleka kwenye duka la rehani, wanapewa hela kidogo, wakilipa wanarudishiwa kitu chao. Wasipolipa kimekwenda.

Katika semina moja tulisomewa jambo ambalo mimi sikulijua. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga sheria hapa Tanganyika ya kuzuia Waafrika wasikopeshwe ovyo. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, basi hawezi kumdai mahakamani. Walisema ni kutulinda tusinyonywe. Lakini angalia matokeo yake: mtu wetu akilipa vizuri miaka ishirini, hakuna karatasi inayosema hivyo. Aliyelipa na asiyelipa wote wako sawa mbele ya serikali. Kilichobaki ni rehani, au mdomo wako.

Na huo mdomo ndio tunaouita mali kauli. Machinga wa Kariakoo anachukua nguo dukani asubuhi, anazitembeza, jioni analeta hela ya mwenye duka na faida anabaki nayo. Hakuna dhamana wala hati ya nyumba, kuna kauli tu. Hapa Feri ni vilevile. Mama anachukua ndoo ya vibua kwa dalali baada ya mnada, anakaanga, anauza, anarudi kulipa. Ukilipa leo kesho unapewa ndoo mbili. Ukikwepa, kabla ya saa sita mchana mnadani pote wanajua, na jina lako limeshakuwa bovu kuliko samaki wa juzi.

Mimi nilianza hivyo miaka ya tisini mwanzoni, tulipokuwa bado tunauzia mchangani, kabla ya soko hili lililojengwa kwa msaada wa serikali ya Japani kufunguliwa mwaka 2002. Karai langu la kwanza nililipata kwa mali kauli. Ndiyo maana nasema sifa ya kulipa ni mtaji, tena mtaji wa kwanza kabla ya hela yenyewe.

Upatu na benki

Kitu kingine tulichokuwa nacho ni upatu. Wanawake kumi mnachanga kila siku au kila wiki, kijumbe anakusanya, anapewa mmoja, kesho mwingine. Tukikumbuka vizuri, upatu nao ni mkopo. Aliyepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa, na kila siku anayochanga analipa deni. Anayepokea wa mwisho yeye ameweka akiba. Kijumbe mzuri alijua kabisa: huyu mpe mapema, anaaminika; yule mweke mwisho, akipokea anahama mtaa. Kijumbe alikuwa anatunza historia ya mikopo ya mtaa mzima kichwani mwake. Tatizo ni hilo la kichwani. Kijumbe akihama au akifa, historia yako ameondoka nayo.

Benki zilikuwa mbali na sisi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 benki zilitaifishwa, na kwa miaka mingi mjini tulijua NBC tu. Mama wa karai akaingie kule akaseme nini? Sheria ya mwaka 1991 ikafungua milango kwa benki za binafsi, lakini nazo zilitaka hati ya nyumba, na nyumba nyingi hati ina jina la mume au la baba mwenye nyumba. Afadhali ilipokuja mikopo ya kudhaminiana kwa vikundi katika miaka ya tisini, kama ya PRIDE. Mfano wake ulitoka Bangladesh, ambako Profesa Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 kukopesha wanawake maskini wasio na dhamana, na baadaye akaanzisha Benki ya Grameen. Mwaka 2006 yeye na benki yake walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wengi wa wakopaji wake ni wanawake kama sisi, na walilipa.

Sanduku letu

Sisi tulipoanza hatukutaka hela ya mtu wa nje. Tulifuata utaratibu wa kuweka hisa, ambao shirika la CARE liliuanza nchini Niger mwaka 1991 na baadaye ukaenea hadi kwetu. Tulinunua sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Mwanachama anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake, analipa na riba kidogo, na riba inarudi kwetu wenyewe tukigawana mwisho wa mwaka.

Mzunguko wa kwanza nusura tuvunjike. Tulipanga kila mtu alipe kila Jumatano. Tukashangaa wiki nyingine wote wanalipa, wiki nyingine nusu nzima hawana kitu, tukaanza kuitana wezi. Mpaka mama mmoja mtu mzima akasema, "Nyie wanangu, mnatoza faini au mnatoza mwezi?" Kweli bwana! Siku za mbalamwezi boti za taa haziendi baharini, vibua na dagaa vinaadimika, wakaanga samaki watalipa nini? Tukabadilisha. Mkaanga samaki analipa zaidi siku za giza na kidogo siku za mbalamwezi. Mama lishe analipa kila wiki kwa kuwa wateja wake wapo kila siku. Tangu hapo ucheleweshaji ulipungua sana. Tulijifunza kwamba ukitaka mtu alipe vizuri, mpangie kulipa wakati anapokuwa nacho.

Jambo la pili tulilofanya ni daftari. Kila mkopo unaandikwa: jina, tarehe, kiasi, siku ya kulipa, siku aliyolipa kweli. Wengine walinung'unika, wakasema tunajifanya ofisi. Leo hilo daftari ndilo lenye thamani kuliko sanduku. Hela ya sandukuni tunagawana inaisha. Daftari halijaisha, na mwenye kutaka kujua habari zetu za kulipa anazikuta humo.

Aibu yangu mwenyewe

Sasa naandika jambo ambalo wanachama mnalijua lakini wageni hawalijui. Nimeomba mwenyewe liingie humu.

Mwaka 2012 Benki Kuu ilitoa kanuni za kumbukumbu za wakopaji, na mwaka 2013 kampuni mbili zikapewa leseni ya kutunza na kutoa taarifa hizo. Maana yake ukikopa benki, inaandikwa. Ukilipa, inaandikwa. Ukichelewa, nayo inaandikwa, na benki nyingine ukienda wataiona. Mwaka uliofuata, 2014, ikaja mikopo ya kwenye simu. Sisi tukaifurahia sana. Unabonyeza, hela hiyo.

Mimi nilikopa shilingi 12,000 kwenye simu siku mafuta yalipoisha na wateja wamesimama. Sikulipa siku hiyo, wala kesho yake. Baadaye nikabadilisha laini. Ile laini nikaitupa, nikadhani na deni nimelitupa.

Mwaka 2018 kikundi kilitutuma watatu, mimi, katibu na mweka hazina, twende benki kuomba mkopo wa kununua friza kubwa. Yule kijana wa mikopo akaandika majina yetu kwenye kompyuta. Akanyamaza. Akaniambia kwa adabu, "Mama, hapa kwako pana deni halijalipwa." Nilitamani ardhi ipasuke. Nilibisha nikasema si mimi. Kumbe ile elfu kumi na mbili ilikuwa imeandikwa kwa jina langu, siyo kwa laini.

Tulipotoka nje niliwaomba wenzangu wasiseme, tuwaambie wanachama kwamba benki wamekataa tu. Mweka hazina alikaa kimya. Katibu akanijibu, "Mama Mwenyekiti, mimi nakuheshimu kama dada yangu. Lakini wewe ndiye unayetozaga watu faini ya kuchelewa. Ukificha, mimi daftari nalirudisha, mtafute mwandishi mwingine."

Sikulala siku tatu. Jumatano ikafika, nikasimama nikasema yote. Kuna waliolia, kuna waliocheka, kuna waliosema nijiuzulu. Nilitaka kujiuzulu. Wanachama walipiga kura nibaki, nilipe lile deni na yote yaliyoongezeka, nipigwe faini kama mtu yeyote, na nisikope ndani ya kikundi mwaka mzima. Nililipa, nikaomba uthibitisho kwamba nimemaliza, nikauhifadhi. Mwaka uliofuata tulirudi benki. Safari hii tulibeba na daftari letu, na lile friza mnaliona mpaka leo.

Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi naongeza: kuficha deni ni msiba wa pili.

Hatuko peke yetu

Jambo hili limewakuta wengi. Majirani zetu Wakenya waliandikwa vibaya kwa madeni madogo ya simu, mpaka mwaka 2020 Benki Kuu yao ikaamua deni lisilofika shilingi 1,000 za kwao lisimwingize mtu kwenye orodha ya wasiolipa. Hapa kwetu nako Benki Kuu ilitangaza mwezi Novemba 2024 programu 69 za mikopo ya simu ambazo hazikuwa na leseni. Nyingine zilikuwa zinawapigia hata ndugu zako kukuaibisha. Na ile tunayoiita kausha damu sihitaji kueleza, kila mtaa una mama aliyenyang'anywa kochi.

Hata vikundi vina jina. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo wanawake tunatengewa asilimia nne, ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine ni hewa. Ikaanza tena mwaka 2024. Wasiolipa waliwafungia mlango hata waliolipa. Sisi tunatambulika kisheria kama kikundi cha daraja la nne, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, basi tulitunze jina.

Tuliyojifunza katika miaka kumi

(i) Anza na mkopo mdogo unaoweza kuulipa, ulipe kwa siku yake, ndipo uongeze. Shilingi 20,000 iliyolipwa mara sita inakujengea jina kuliko laki tatu iliyolipwa nusu.

(ii) Kopa kwa ajili ya kitu kinachozalisha. Ukikopa hapa ili ukalipe kule, hujalipa, umehamisha.

(iii) Ukikwama, sema mapema. Mwenzetu mmoja alilazwa miezi miwili. Alimtuma mwanawe aje kusema, tukampangia upya, akalipa yote. Anayekuja kusema sina, huyo atalipa. Anayezima simu ndiye wa kumwogopa.

(iv) Ukimaliza deni la benki au la simu, omba uthibitisho. Unaweza pia kuomba kuona taarifa zako za mikopo, na zikiwa na kosa, lalamika zirekebishwe.

(v) Usimkopee mtu kwa jina lako. Hela atakula yeye, jina litaandikwa lako.

Hitimisho

Ndugu zangu, bibi zetu walilipa, mama zetu walilipa, lakini hakuna aliyeandika. Walikufa na sifa zao. Sisi tumepata bahati ya kuandikwa, na mimi nimeonja ubaya wake na uzuri wake. Dada zetu wadogo wanaoingia sasa wawe na subira, jina halijengwi kwa siku moja.

Nawashukuru wanachama mlionisamehe. Namshukuru katibu wetu aliyekataa kunifichia, bila yeye nisingekuwa na la kuandika hapa. Mgeni ukitutembelea Jumatano jioni, uliza daftari. Tutakufungulia, ukurasa wangu wa mwaka 2018 nao umo, hatujauchana.

Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Feri yetu.

Wenu, Mwenyekiti.