Umbo Lililosemwa kwa Maneno

Mwaka 1482, mjini Venice, mpiga chapa Mjerumani aliyeitwa Erhard Ratdolt alitoa kwa Kilatini kitabu cha jometri cha Euclid, Elements, ambacho kabla ya hapo kilikuwa hakijapigwa chapa. Maumbo yake, yanayopita 400, aliyapanga katika pambizo pana, kila moja karibu na maneno yanayolihusu. Katika waraka wa kumtunukia kitabu hicho mtawala wa mji, Giovanni Mocenigo, alieleza kwa nini wapiga chapa wa Venice, waliotoa vitabu vingi kila siku, walitoa vichache mno vya hesabu: maumbo yaliwashinda. Herufi ilikuwa na risasi yake na kijisanduku chake, ikapangwa, ikapanguliwa, ikapangwa tena. Lakini duara na mstari wa mshazari havikuwa na kijisanduku.

Ratdolt aliishinda taabu hiyo, ila hakuuondoa utengano uliokuwa nyuma yake. Katika karne zilizofuata maneno ya kitabu cha jometri aghalabu yalitoka katika mkono mmoja, na umbo likatoka katika mkono mwingine. Mwenye uthibitisho alitoa mchoro wa kalamu. Mchongaji, ambaye haikumlazimu kuufahamu uthibitisho, akauchora upya. Jambo hili lina ajabu yake, kwa sababu Euclid mwenyewe alichora kwa maneno. Vitenzi vyake vya Kiyunani huamuru pasipo kumtaja anayeamriwa, kama Kiswahili kisemavyo na ichorwe, na iungwe. Msomaji asiyeonyeshwa picha yoyote, akiwa na rula na bikari, aweza kulijenga umbo kwa kuyafuata maneno hayo.

Mwaka 1977 Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake The Art of Computer Programming. Wachapishaji walikuwa wameacha risasi na kushika upangaji wa herufi kwa picha, na sura ya kurasa zile ilimchukiza. Akaamua kutunga programu yake mwenyewe ya kupangia chapa, akaiita TeX. Mwandishi huandika maneno yake pamoja na amri, na kompyuta hupanga ukurasa. Hata hivyo TeX ilirithi macho ya mpanga risasi: ulimwengu wake ni visanduku, na mistari aijuayo ni ya namna mbili tu, uliolala na uliosimama. Ufundi wa kuchora Knuth aliuweka katika programu ndugu, Metafont, iliyotungwa kwa ajili ya kuunda herufi. Humo mwandishi aweza kusema kwamba nukta fulani iko mahali popote katika mstari mmoja, na tena iko mahali popote katika mstari wa pili. Kompyuta huitatua milinganyo na kuitambua nukta. Lugha hii ilikuwa karibu mno na ya Euclid, lakini ilibaki katika karakana ya herufi.

Wenye kuandika jometri walipewa kitu duni zaidi. Leslie Lamport, aliyeijenga LaTeX juu ya TeX katika miaka ya 1980, aliwawekea amri za kuchorea ambazo mistari yake ya mshazari iliungwa kwa vipande vidogo vilivyohifadhiwa kama herufi. Kwa hiyo mwinamo wa mstari ulipaswa kuwa uwiano wa nambari kamili zisizozidi 6. Msomaji na aitazame hasara yake. Hoja ya kwanza katika kitabu cha kwanza cha Euclid ni kujenga pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Msingi wake ukilazwa, mwinamo wa ubavu wake ni kipeuo cha pili cha 3, ambacho si uwiano wa nambari kamili zozote. Uwiano ulio karibu kuliko zote zilizoruhusiwa ni 5 kwa 3, nao hutoa pembe ya digrii 59 na kidogo mahali pa 60. Hata pembetatu ikigeuzwaje, mistari yake mitatu haiwezi kuwa na miinamo ya namna hiyo yote pamoja. Baada ya miaka mia tano, umbo la kwanza la Euclid lilikuwa bado linakosa kijisanduku.

Mlango ulifunguliwa na PostScript, lugha ya kuamrisha mitambo ya kupigia chapa iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, ambayo kwayo mstari wowote ni halali. John Hobby, aliyekuwa mwanafunzi wa Knuth, aliitoa Metafont karakanani na kuifanya MetaPost, yenye milinganyo ile ile lakini ikichora picha kwa PostScript. Baadaye Till Tantau wa Ujerumani alitunga TikZ, ambayo jina lake la Kijerumani, kwa mzaha, husema kwamba si programu ya kuchorea. Katika mwongozo wake Tantau amemweka Euclid mwenyewe awe mwanafunzi, na somo analopewa ni pembetatu ile ile.

Hapo ndipo faida ya kusema umbo inapoonekana. Euclid huchora duara mbili, kila moja ikiwa na kituo katika ncha moja ya mstari aliopewa na kupita katika ncha ya pili, kisha huichukua nukta zinapokatana. Kwamba zinakatana hakulithibitisha. Picha ilimtosha, nayo iliwatosha wengi hata wahakiki walipolidai jambo hilo, na David Hilbert akaipanga upya misingi ya jometri mwaka 1899. Mchongaji hakuwa na haja ya kuiona pengo hiyo, maana kisu chake kilipita tu. Mwenye kuandika amri hana budi kuzitaja duara mbili kwa majina na kuomba makutano yao. Akizipunguza mno zisigusane, nukta haipatikani, na kompyuta humrudishia kosa. Zikikatana, humpa nukta iliyokadiriwa kwa tarakimu chache za desimali, na uthibitisho humwachia mwenyewe.