Mwanya wa mbano na majira ya milango

Mwanya wa mbano (ngeli ya U-I, wingi: mianya ya mbano) ni nafasi nyembamba inayobaki kati ya ukingo wa uso wa pistoni na paa la silinda, pistoni inapokuwa katika kikomo chake cha juu. Majira ya milango (ngeli ya YA-YA) ni mpangilio wa pembe za krankishafti ambapo milango ya silinda hufunguka na kufungika. Istilahi hizi hukutana katika urekebishaji wa injini za mipigo miwili. Makala haya yanazieleza kwa kutumia injini ya msumeno wa mnyororo, ambayo milango yake haina vali: pistoni yenyewe ndiyo huifunika na kuifunua.

Mbano haupaswi kuchanganywa na mgandamizo. Mchanganyiko wote wa hewa, petroli na oili hugandamizwa tangu mlango wa eksozi unapofungika hadi pistoni ifike juu. Mbano ni tukio la mwisho kabisa la safari hiyo, nalo hutokea pembezoni tu: ukingo wa pistoni unapokaribia paa, mchanganyiko uliokuwa hapo hubanwa ukakosa pa kukaa, ukarushwa kuelekea katikati ilipo plagi. Msukosuko huo huusaidia moto kuenea upesi. Mwanya ukiwa mpana, mchanganyiko wa pembezoni hubaki pale pale, na huweza kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Kwa hiyo injini yaweza kuwa na mgandamizo mkubwa na mbano hafifu, na anayesema “mgandamizo” akikusudia “mbano” humtuma fundi kupima kitu kingine kwa kifaa kingine. Umbo la mkopo, skwishi, litaeleweka na waliosoma miongozo ya kigeni, ila halimwambii msikilizaji ni nini kinachobanwa wala wapi.

Katika misumeno mingi silinda na kichwa chake ni kipande kimoja, hivyo mwanya huu hauonekani kwa macho. Hupimwa kupitia tundu la plagi kwa waya wa lehemu. Waya uwe mnene kuliko mwanya wenyewe. Unene wa milimita 1.5 hivi hutosha mara nyingi, na lehemu laini ya risasi na bati hufaa kuliko ile ngumu isiyo na risasi. Ncha yake hupindwa na kusukumwa hadi iguse ukuta wa silinda, kisha krankishafti huzungushwa polepole kwa mkono mpaka pistoni ipite kikomo cha juu. Waya hutolewa, na ncha iliyobapwa hupimwa kwa kalipa. Kipimo hicho ndicho mwanya wa mbano.

Mahali pa kuweka waya hapachaguliwi ovyo. Pistoni huyumba kidogo juu ya pini yake, kuelekea upande wa eksozi na upande wa kabureta. Waya uliowekwa kwenye pande hizo huiinamisha pistoni na kutoa kipimo kikubwa kuliko hali halisi. Waya huwekwa juu ya ncha za pini, kushoto na kulia, mahali ambapo pistoni haina njia ya kuinama. Vipimo viwili vikitofautiana sana, tatizo liko kwenye silinda au kwenye ukaaji wake, wala si kwenye waya.

Warekebishaji wa misumeno hulenga mwanya wa takriban milimita 0.5. Chini ya hapo usalama hupungua haraka, kwa kuwa katika mizunguko 13,000 kwa dakika konrodi hunyumbuka na uwazi wa beringi humezwa, na pistoni hupanda juu kuliko ilivyopanda ilipozungushwa kwa mkono. Kipimo cha mezani ni cha injini iliyolala.

Kuhusu istilahi ya pili, Kiswahili kina bahati. Majira kwa wengi ni wakati au msimu, lakini kwa mabaharia ni pia mwelekeo wa chombo. Kushika majira ni kukiongoza chombo katika njia yake. Neno moja linabeba wakati na uelekeo kwa pamoja, na hicho ndicho kinachohitajika hapa: wakati unaosomwa kwa pembe. Ratiba ni neno la watu na magari. Pistoni haina ratiba. Mlango nao ni bora kuliko tundu, kwa sababu tundu huwa wazi daima, ilhali mlango hufunguka na kufungika.

Pembe hupimwa kwa sahani ya nyuzi 360 iliyofungwa kwenye krankishafti, pamoja na kipande cha waya kinachotumika kama mshale. (Nyuzi hapa ni za pembe. Kwa nyuzi za skrubu lipo neno hesi, na karakanani kuna faida kuyatenganisha.) Ugumu uko katika kukipata kikomo cha juu, maana karibu nacho krankishafti huzunguka nyuzi kadhaa bila pistoni kuonekana ikisogea. Jicho hudanganyika. Njia ya kuaminika ni kuingiza kwenye tundu la plagi kizuizi chenye hesi, kuzungusha taratibu upande mmoja hadi pistoni ikiguse, kusoma sahani, kisha kuzungusha upande wa pili na kusoma tena. Kikomo cha juu kiko katikati ya namba hizo mbili.

Hapa ndipo lugha isiyo makini huharibu silinda. Mlango wa eksozi wa msumeno waweza kufunguka nyuzi 100 baada ya kikomo cha juu. Kwa kuwa pistoni huufunika tena katika pembe hiyo hiyo ikirudi, mlango hukaa wazi kwa nyuzi 160, yaani mara mbili ya 80 zilizobaki kufikia kikomo cha chini. Namba zote mbili ni sahihi, na kila moja huandikwa na watu kama “majira ya eksozi”. Anayeambiwa “ongeza nyuzi nne” bila kuelezwa ni za ufunguko au za muda wa kuwa wazi, atakwangua mara mbili ya kilichokusudiwa, au nusu yake. Chuma kilichokwanguliwa hakirudishwi. Inapendekezwa basi kuandika kwa ukamilifu: “mlango wa eksozi hufunguka nyuzi 100 baada ya kikomo cha juu, hukaa wazi kwa nyuzi 160.” Muda katika matumizi haya ni muda wa pembe, haupimwi kwa sekunde.

Vipimo viwili hivi havitenganiki. Chukua injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 36 na mwanya wa milimita 1.05, ambayo gasketi yake ya chini ya silinda ina unene wa milimita 0.5. Gasketi ikiondolewa na nafasi yake kuzibwa kwa gundi nyembamba ya gasketi, mwanya hushuka hadi 0.55 hivi, na fundi hufurahi. Lakini silinda nzima imeshuka, pamoja na milango yake. Eksozi iliyofunguka kwenye nyuzi 100 sasa huchelewa hadi karibu 102. Milango ya uhamisho, inayopeleka mchanganyiko kutoka kasha la krankishafti hadi juu ya pistoni, huchelewa kutoka 120 hadi 122. Muda wa kila mmoja hupungua kwa nyuzi tatu hadi nne. Mlango wa kabureta huenda kinyume: hufunuliwa na sketi ya pistoni inapopanda, kwa hiyo ukishuka huwahi kufunguka, na muda wake huongezeka kwa nyuzi tatu hivi. Anayepima milango kabla ya kurekebisha mwanya hupima majira ya injini ambayo haitakuwapo.

Vitenzi -wahi na -chelewa vinatosha kabisa kwa mabadiliko haya, navyo vina ubora kuliko “kupandisha majira” na “kushusha majira”, semi zinazochanganya mahali pa mlango na pembe yake. Kupandisha ukingo wa juu wa mlango wa eksozi huuwahisha kufunguka. Kushusha ukingo wa chini wa mlango wa kabureta nako huuwahisha. Vilevile pistoni hufungua, mlango hufunguka. Sentensi “mlango unafungua nyuzi 100” haina kosa kubwa katika mazungumzo, lakini katika maandishi ya kiufundi iandikwe: “Pistoni huufungua mlango wa eksozi nyuzi 100 baada ya kikomo cha juu.”